Tupeane uzoefu: siku uliyofika Ziwa Chala au Duluti

Mwana wa Kihamba: Wakuu, habari za Jumapili. Nimezaliwa Moshi, na nimemaliza miaka thelathini na kitu bila kuliona Ziwa Chala, lile la mpakani mwa Tanzania na Kenya, wakati wageni wanavuka bahari kulifuata. Mwezi uliopita shangazi yangu wa Rombo akanichukua. Tulipita Himo, tukaja kuacha lami, vumbi na vichaka vya miiba kwa muda mrefu, halafu ardhi ikaisha ghafla. Chini huko, ndani ya kuta za miamba, maji. Wingu likipita yanakuwa ya kijani iliyoiva, jua likitoka yanarudi bluu. Mto mkubwa unaoingia huuoni. Maji mengi yanatoka Kilimanjaro yakipita chini kwa chini.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Asubuhi kabla hatujatoka, shangazi alikata jani la isale pale mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, akalipiga fundo moja, akalitia kwenye pochi. Kwetu Wachaga isale ndilo jani la kuombea msamaha na kuleta amani. Tulipofika ukingoni akalitoa, akalichomeka kwenye ufa wa mwamba, akakaa kimya kama dakika mbili. Nikamuuliza. Akasema, "Baba, kwa mkubwa huendi mikono mitupu."

Naombeni na yenu. Ulifika na nani, na wenyeji walikusimulia nini?

Mama Tarakea: Asante kwa uzi huu. Bibi yangu alikuwa anatuambia pale palikuwa na boma la Wamasai, likazama usiku mmoja na watu na mifugo. Ukikaa ukingoni bila kuongea unasikia ng'ombe wakilia chini. Tulipokuwa watoto tulikaa kweli, tumeshikana mikono, na mpaka leo nasema nilisikia. Msiichukulie kama hadithi ya kulaza watoto tu. Ndivyo wazee walivyotufundisha kulikaribia lile ziwa kwa adabu.

Dereva wa Himo: Naongezea la usalama, kwa sababu nawapeleka watu kila mara. Njia ya kushuka ni kali, changarawe inateleza, unashika mizizi kwa mikono miwili. Binamu yangu aliteleza na ndala akachubuka goti lote, tukamfunga kwa kanga. Vaeni viatu vya kufunga, na maji ya kunywa bebeni ya kutosha, maana kupanda ndiyo kazi. Na kuogelea hapana, wakuu. Mwaka 2002 msichana wa Uingereza aliuawa na mamba mle, upande wa Kenya. Ziwa ni moja, mpaka unapita majini, mamba hana pasipoti.

Tengeru Juu: Mimi ni wa Duluti, hapa Arusha, ukitoka mjini kuelekea Moshi unashukia Tengeru. Nalo, kama Chala, ni kreta, yaani shimo la volkano lililojaa maji, ila dogo, limezungukwa na msitu wa hifadhi. Nilikwenda na baba mkwe, mzee wa Kimeru, na tulizunguka taratibu kwa miguu kwa sababu kila mti alisimama kuutaja jina na kazi yake: huu wa kikohozi, huu wa mizinga ya nyuki, huu haukatwi. Kenge alivuka njia mbele yetu, mzee akasubiri apite kwanza.

Halafu akanipeleka kwenye makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wao, wengi wanawake na watoto, waliletwa Tengeru, na wengine hawakurudi. Mzee alivua kofia getini. Sikutegemea, na nililia.

Mdau wa Mawe: Kwa wanaopenda sayansi: mwaka 2016 watafiti walichimba tope la chini ya Chala, wakaenda zaidi ya mita 200. Tope limejipanga tabaka kwa tabaka, na ndani yake wanasoma mvua na ukame wa zaidi ya miaka 200,000. Hata samaki mle kuna aina ya perege asiyepatikana kwingine kiasili.

Kijana wa Majengo: Kiingilio kikoje? Mara ya mwisho mtu mmoja alitutoza mara mbili, bila risiti.

Mwana wa Kihamba: Mkuu, ulizia ofisi ya kijiji kwanza na udai risiti. Mama Tarakea, nimemsomea shangazi maneno yako. Ameuliza bibi yako alikuwa wa ukoo gani, maana na yeye aliwasikia wale ng'ombe.