Mrejesho: Tumehamia GraphQL, lakini si kote

Niliuliza hapo awali kama programu yetu ya simu na ya wavuti, iliyokuwa ikichota data kwa REST (mtindo ambao kila aina ya data ina anwani yake kwenye seva), ihamie GraphQL, lugha ya kuulizia data iliyobuniwa ndani ya Facebook mwaka 2012 na kutolewa kwa umma mwaka 2015. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu na kunionya kwamba seva ingeweza kuiuliza hifadhidata maswali mengi mno. Tumehamisha upande wa simu tu.

Ukurasa wa wasifu, ambao ulikuwa ukituma maombi matatu na kupokea mambo mengi usiyoyahitaji, sasa unatuma ombi moja linalotaja jina, picha na machapisho 5 ya karibuni, na hakuna kingine kinachorudi. Hata hivyo, onyo lenu lilitimia: katika orodha ya machapisho 50 ya watu mbalimbali, seva iliiuliza hifadhidata upya kuhusu mwandishi wa kila chapisho, yakawa maswali 51 ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata (1 la orodha na 50 ya waandishi), mpaka tulipoyakusanya kwa DataLoader, maktaba inayounganisha maswali mengi kuwa moja, yakabaki 2. Kwa maoni yangu, hili lingefaa kufundishwa siku ya kwanza kabisa.

Wavuti imebaki na REST, kwa kuwa majibu ya GET (ombi la kusoma data tu) huhifadhiwa na kivinjari kwa urahisi, ilhali maombi ya GraphQL kwa kawaida hupitia POST (ombi la kutuma data), ambayo majibu yake hayahifadhiwi kwa urahisi hivyo.