Nitajuaje mtu ameokoka kweli na si maneno tu? Naombeni ushauri

Mwalimu_wa_Ziwa
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wasio wa imani hiyo, habari zenu.

Niende kwenye mada. Kuna mtu wangu wa karibu sana ameokoka tangu Pasaka ya mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa pombe, mtu wa machimboni, wa kupotea miezi bila hata simu. Sasa hivi harufu ya bia tu haitaki. Saa tisa usiku yuko macho anaomba mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Anafunga Jumatano na Ijumaa. Akipata elfu tano ya kibarua anatoa zaka. Kanisani wameshampa kusimamia mkesha.

Swali langu: Mkristo akitaka kutambua kama imani ya mtu ni ya kweli, katika maisha ya kila siku, anaangalia nini? Nimeomba, nimefunga, amani sipati. Kuna uamuzi natakiwa kuufanya kabla mwezi haujaisha na usingizi umenikimbia. Watumishi na wazoefu nisaidieni. Matusi tafadhali hapana.

Kipara Ngoto
Namba moja. Nakaa hapa na karanga zangu, wajuzi waje.

MtotoWaMchungaji
Dada, huyo ni mchumba, usitufiche. Nakujibu kama mdogo wangu: usiolewe na maombi ya saa tisa usiku.

Nimekulia nyumba ya mchungaji. Wahubiri wageni walikuwa wanalala kwetu wakati wa semina, na sisi watoto tulikuwa tunawajua kabla hawajapanda madhabahuni. Alikuja mmoja, sauti kama radi, akihubiri unyenyekevu watu wanalia. Asubuhi yake nilimkuta uani anamfokea dada wa kazi kwa sababu maji ya kuoga yalikuwa vuguvugu, na viatu vyake alivisukuma kwa mguu ili dada avipige rangi. Wiki nyingine akaja mzee mwinjilisti kutoka kijijini, mahubiri yake yalikuwa yanachosha hata baba akasinzia. Mzee yule alimaliza kula akabeba sahani yake mpaka kwenye karo, akamuuliza dada jina lake na kwao ni wapi. Kesho yake alipoomba kabla ya chai alimtaja kwa jina.

Kwa hiyo mpeleke huyo mchumba hotelini, chakula kichelewe, umwangalie anavyoongea na mhudumu.

Mlokole wa Zamani
Wagalatia 5:22-23: “Lakini tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi.” Someni orodha yote, kukesha hakumo, kufunga hakumo. Si kwamba ni vibaya, mimi mwenyewe nafunga. Ila Farisayo wa Luka 18 naye alikuwa anafunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, kama huyo mchumba wako. Akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki.

Njia Nyembamba
Mnapotosha. Wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Waefeso 2:8-9. Mungu ndiye aujuaye moyo. Dada, acha kupima watu, msihukumu msije mkahukumiwa. Tatizo la akina dada wa siku hizi mnataka ishara kwa kila jambo, ndiyo maana mnaishia kwa manabii wa mafuta.

Mlokole wa Zamani
Njia Nyembamba, usifunge Biblia kwenye aya ya 9. Aya ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na katika Mathayo 7, sura hiyohiyo uliyoitoa “msihukumu”, mbele kidogo tu Bwana anasema “mtawatambua kwa matunda yao”. Yakobo naye: imani isipokuwa ina matendo imekufa. Hakuna anayesema matendo yanaokoa.

Kipara Ngoto
Huku kuna watu wameokoka na deni la kitimoto langu hawajalipa. Nipeni aya ya hilo.

Kamachumu Kwetu
Watu wanajibu kuhusu mchumba na mleta mada hajasema mchumba. Dada, “mtu wa karibu” ni nani? Na uamuzi wenyewe ni upi? Ukituficha ugonjwa tutakupa dawa ya mtu mwingine.

Mwalimu_wa_Ziwa
Si mchumba, nina familia yangu. Ni mdogo wangu wa kiume. Amepata nafasi ya kununua bajaji iliyotumika kidogo, na mwenye nayo amempa mpaka mwisho wa mwezi. Ameniomba nimdhamini mkopo kwenye SACCOS. Sisi tulizaliwa wawili tu, mimi ndiye mkubwa. Nisipomshika mimi mkono atashikwa na nani? Akirudi machimboni atarudia pombe, na hiyo dhambi itakuwa juu yangu.

Ndiyo maana nauliza kuhusu imani. Kama ameokoka kweli, basi ni mtu mpya.

MtotoWaMchungaji
Kumbe! Basi futa habari za hotelini. Ila habari ya dada wa kazi inabaki.

Kamachumu Kwetu
Swali moja tu, ulijibu kwa kweli. Kabla hajaokoka huyo mdogo wako, ni nani aliumia zaidi kwa mikono yake? Na tangu aokoke, amekwenda kwa huyo mtu kusema nini?

Mwalimu_wa_Ziwa
Sikutaka kufika huko. Basi.

Baba alipofariki aliuza kibanja cha nyumbani Muleba, kwa mtu tusiyemjua, pamoja na sehemu yalipo makaburi. Mama alijua siku mnunuzi alipokuja kukata migomba. Mama sasa anaishi kwangu, analala chumba kimoja na watoto.

Hajawahi kuongea naye juu ya hilo. Anakuja Jumapili, mama anampikia ndizi, wanakula, anaondoka. Nilimuuliza mara moja, akaniambia Mungu ameshamsamehe na dhambi zake zimetupwa kilindini mwa bahari, nikifukua nafanya kazi ya Shetani. Na mimi naona ana hoja. Yaliyopita si ndwele. Mama mwenyewe hajalalamika hata siku moja. Fedha zile ziliisha zamani, atarudisha nini sasa? Tumpe nafasi.

Kamachumu Kwetu
Dada, umeniuma mahali. Mimi ni wa hukohuko. Kwa wasiojua: kwetu kibanja si shamba tu, baba na babu wamelala humo. Mjane akiondolewa pale ameondolewa kwa watu wake wote.

Sasa sikiliza. Uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda ulienea miaka ya 1930, na kufikia 1939 ulikuwa umeingia Katoke, Kagera yetu hii. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Kukesha walikesha, kuimba waliimba. Lakini kilichowashtua majirani, na hata kuwaudhi baadhi ya wazee wa kanisa, ni kwamba waliookoka walikuwa wanarudisha. Aliyeiba alibeba kitu mchana kweupe akakipeleka kwa mwenyewe. Aliyekuwa na deni alilitaja kwa mdomo wake mbele ya watu.

Bibi mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikuwa amechukua jembe la shemeji yake mwaka wa njaa, akasingiziwa kijana mwingine, kijana akapigwa. Alipookoka jembe lilikuwa limeshaisha, limebaki kipande cha chuma cha upana wa kiganja. Alikwenda na kile kipande na jembe jipya, akapiga magoti kwa shemeji. Kisha akaenda kwa yule kijana, ambaye wakati huo ana mke na watoto, akamwambia mbele ya mkewe: “Ulipigwa kwa ajili yangu.” Baba alikuwa mdogo, aliongozana naye, na mpaka anazeeka alikuwa anaisimulia kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemdai. Kijana mwenyewe alishasahau. Alikwenda kwa sababu asingeweza kukaa nalo.

Unauliza atarudisha nini. Zakayo alisema, “ikiwa nimenyang’anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Mdogo wako hana mara nne, sawa, hana hata robo. Lakini maneno “mama, nilikosa” hayana bei. Anakosaje hayo, na saa tisa ya usiku anayo maneno ya saa nzima?

Abuu Tanga
Mimi ni Muislamu, nimepita tu. Kwetu pia masheikh wanafundisha kwamba toba ya haki ya Mungu ni baina yako na Yeye, lakini haki ya mja haifutiki mpaka uirudishe kwa mwenyewe au akusamehe. Mama ana haki pale. Pole sana dada.

Mlokole wa Zamani
Amina Abuu. Mathayo 5:23-24 inasema jambo hilo hilo: iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane na ndugu yako.

Njia Nyembamba
Sipingi kurudisha. Napinga kumwekea mtu sharti ambalo Kristo hakumwekea yule mnyang’anyi msalabani. Hakurudisha chochote, na siku ileile alikuwa peponi.

Kamachumu Kwetu
Yule alikuwa amepigiliwa misumari, asingeweza kwenda popote. Na bado kwa pumzi aliyobaki nayo alikiri, “nayo ni haki kwetu sisi.” Mdogo wa mleta mada ana miguu, na kila Jumapili inamfikisha mpaka mezani kwa mama.

Mwalimu_wa_Ziwa
Nashukuru kwa mafundisho. Lakini naona mnamhukumu mtu ambaye hamjamwona akilia madhabahuni. Mimi nimemwona. Na fomu tayari nimeshasaini, imebaki kuirudisha ofisini. Nilitaka tu mnitie nguvu katika imani.

Bwana Mizani
Nimesoma uzi mwanzo mpaka hapa na nasema hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena chai ya rangi.

Nimekuwa mwanachama wa SACCOS miaka mingi. SACCOS inakopesha mwanachama wake. Nyingi zinakupa mpaka mara tatu ya akiba yako, na lazima uwe umeweka muda fulani. Sasa huyu mtu wa machimboni, wa kibarua cha elfu tano, akiba aliweka lini? Na wewe unamdhamini kwenye SACCOS ipi? Hakuna mkopo wa namna hiyo. Kwanza alikuwa “mtu wa karibu”, mara mdogo, mara kibanja, mara fomu imeshasainiwa. Kila tukipoa unaongeza kuni. Wasimamizi wafunge uzi, watu wasipoteze vifurushi vyao.

Kipara Ngoto
Nileteeni sukari basi, karanga zimeisha.

MtotoWaMchungaji
Hata mimi nimeanza kuona giza. Mleta mada jibu hoja ya Mizani.

Mwalimu_wa_Ziwa
Siyo chai. Mungu ni shahidi.

Mkopo ni wa jina langu. SACCOS ni ya sisi watumishi, yeye si mwanachama. Nilisema kudhamini kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana naye, kwamba yeye analipa marejesho kila wiki na mimi nabaki kama mdhamini tu.

Bwana Mizani
Basi naondoa neno chai na nakuomba radhi. Ila hapo hudhamini. Hapo unakopa. Na wadhamini wako ni akina nani?

Mwalimu_wa_Ziwa
Walimu wenzangu wawili.

Kamachumu Kwetu
Wanajua ni bajaji ya mdogo wako?

Mwalimu_wa_Ziwa
Niliwaambia ni ada ya mtoto. Si uongo kabisa, maana bajaji ikianza kuingiza, ada itatoka humohumo. Wangeuliza maswali mengi. Naomba mnielewe, nina mama ndani, nina mdogo ambaye nimemlea mgongoni. Sikuiba kitu cha mtu.

Mlokole wa Zamani
Dada mpendwa, sikurushii jiwe. Ila 2 Wakorintho 13:5 nilikuwa nimeiandika tangu asubuhi nikaifuta, nikaona haikuhusu: “Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani.” Hao walimu wawili mishahara yao ndiyo itakayokatwa. Waambie kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote.

Njia Nyembamba
Hapa nakubaliana na Mlokole. Waambie.

Karani wa Mikopo
Ninafanya kazi kwenye SACCOS, si hiyo yako nadhani. Mkopo ambao fedha hazijatoka, mwombaji kwa kawaida anaweza kusitisha maombi kwa barua. Kama fomu bado iko kwako ni rahisi zaidi, usiirudishe tu. Fedha zikishaingia, akiba yako inashikiliwa kama dhamana, na marejesho yakikwama wanafuatwa wadhamini. Nimeshaona walimu wameacha kusalimiana kwa ajili ya fomu moja.

Mwalimu_wa_Ziwa
Nimempigia mdogo wangu sasa hivi. Nimemwambia Jumapili akija, kabla ya chakula, akae na mama waongee habari ya kibanja, mimi na watoto tutatoka. Amenyamaza kidogo. Akaniuliza kama fomu nimesharudisha. Nikamwambia bado. Akasema ataomba kwanza juu ya jambo la mama.

Kamachumu Kwetu
Hilo la mama ndilo aombee, na la fomu aliuliza papo hapo?

Mwalimu_wa_Ziwa
Ndiyo.

Jumapili namsubiri, sitamfukuza. Chakula kitakuwepo kama kawaida, aongee asiongee. Bajaji hapana, mpaka nione. Wale wenzangu nitawaona kesho chumba cha walimu kabla ya kipindi cha kwanza, mmoja najua atakasirika sana.

Karani, nakala moja ya fomu nilishaiacha kwa mhasibu kwa ajili ya kukadiriwa. Barua niandike kwa mkono au ichapwe?

Karani wa Mikopo
Kwa mkono inatosha. Weka namba yako ya uanachama, tarehe na saini. Peleka mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo nyumbani.