Joto la kukoma hedhi: soya, uwatu au kubadili mavazi? Nimejaribu vyote, leteni na yenu

MamaWawili (Dar)
Habari zenu wapendwa. Mi nina miaka 50, hedhi inarukaruka mwaka wa pili huu na hili joto la ghafla limenitesa mpaka nikawa naogopa usiku. Linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka masikioni, moyo unaenda mbio, jasho linatiririka afu dakika chache baadae natetemeka kwa baridi ndani ya kanga iliyoloa. Umeme ukikatika ndo balaa, saa tisa usiku niko sakafuni bafuni maana vigae ndo vyenye ubaridi. Mume wangu anasema malaria, nimepima mara mbili hamna kitu.

Nikachukua daftari. Joto likija napiga kijistari, na kila kitu nimekijaribu wiki 3 bila kuchanganya na kingine. Mwanzo nilikua na vijistari 9 mpaka 10 kwa siku.

Soya, uji asubuhi na maziwa yake jioni: nikafika 8. Ni chakula kizuri na bei rahisi, naendelea nayo ila sitamdanganya mtu kwamba imeniponya.

Uwatu, naroweka kijiko usiku asubuhi nakunywa maji yake: vijistari vilevile, tumbo linajaa gesi na jasho likaanza kunuka uwatu.

Chai ya tangawizi: nilikua nakunywa vikombe vinne inafuka moshi, saivi nasubiri ipoe, na pilipili usiku nimeacha. Nikashuka mpaka 6.

Mavazi: madera ya polista nimeyaweka kando, nalala na kanga ya pamba, nyingine kavu iko pembeni ya mto pamoja na chupa ya maji na kitambaa kibichi. Idadi haikupungua sana lakini jamani NALALA, nikiamka nabadili kanga, najifuta shingo, narudi usingizini. Kwangu hii ndo namba moja.

Wenzangu mnafanyaje?

BiTanga
Pole mwanangu. Uwatu usiutupe, mimi ulinisaidia na marehemu mama ndo aliyenifundisha, ila sisi tulikua tunauchemsha kidogo tunakunywa ukishapoa, haturoweki. Na hiyo ya kanga mbili ni kweli kabisa, mimi nilikua nayo tatu.

DaZai_Mombasa
Mimi nilinunua vidonge vya miti shamba kwa muuzaji wa mtandaoni, 4,500 kwa kopo, akaniapia vinasafisha kizazi na joto litaisha siku saba. Nimemaliza makopo mawili na joto liko palepale, na kwenye kopo hakuna hata jina la mti uliomo. Hiyo pesa inaniuma mpaka leo. Afadhali ningenunua feni ya kuchaji.

NesiMstaafu
Nimesoma yote, MamaWawili daftari lako ni zuri sana, kila mwanamke angefanya hivo. Homoni ya estrojeni ikishuka, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakua nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu inadhani umeungua inafungulia jasho. Ndo maana chai ya moto inakusumbua.

Ila tuwe wakweli, kwenye tafiti hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa wengi walipata nafuu, kwa hiyo kutoka 10 mpaka 8 huwezi kujua kama ni soya. Mwaka 2023 The Menopause Society, chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Marekani, ilipitia njia zisizo za homoni, soya na mitishamba haikuzipendekeza kwa kukosa ushahidi wa kutosha, hata kukwepa vitu vinavyochochea joto haikupendekeza. Ilichokubali upande usio wa dawa ni kupunguza uzito, hipnosisi (mtaalamu anakutuliza akili kwa maneno) na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia. Na hiyo ya mazungumzo kinachopungua zaidi ni ile adha, sio idadi ya majoto, sawasawa na kanga yako kavu. Chai ikikusumbua wewe, iache ipoe, haina hasara.

Bi Tanga shikamoo, uwatu ni chakula lakini unashusha sukari, anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake. Vidonge vya black cohosh, mmea wa dawa unaouzwa kwa ajili ya joto hili, kuna watu wachache vimewadhuru ini. Na aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, asingoje, aende akapimwe.

BiTanga
Marahaba mwanangu. Hilo la sukari nalichukua, dada yangu anatumia dawa.

Kijana_Mbagala
Shikamooni mama zangu. Mama yangu ana 52, usiku shuka linaloa kabisa na amepungua mwili sana, sisi nyumbani tumejua ni hiihii. Nimnunulie soya?

NesiMstaafu
Marahaba baba. Kupungua mwili si dalili ya kukoma hedhi. Anakohoa?

Kijana_Mbagala
Anakohoa tangu mwezi uliopita, anasema ni vumbi.

NesiMstaafu
Soya iache kwanza. Mpeleke kituo cha afya cha serikali akapime kifua kikuu, kupima na dawa ni bure. Wamwangalie na sukari, na VVU pia.

Kijana_Mbagala
Kesho asubuhi naomba ruhusa kazini naenda nae. Asante sana mama.