Mkataba umeisha lakini huondoki: NFL acheni huu uhuni

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu. Mtu kautumikia mkataba mpaka siku ya mwisho, halafu klabu inamwambia hutoki hadi anayekutaka atulipe. Ulaya ujinga huu ulizikwa na hukumu ya Bosman mwaka 1995. NFL, ligi ya soka la Kimarekani, bado upo, tena kwa sahihi ya chama cha wachezaji wenyewe!

Kwa wasioufahamu utaratibu: ukiwa na misimu mitatu inayohesabika na mkataba ukaisha, klabu inakuwekea dau, yaani ofa ya mshahara wa mwaka mmoja. Timu nyingine ikikupa ofa, klabu yako ina siku 5 za kuifikia, yaani kukupa masharti yaleyale. Ikiifikia, unabaki. Ikikataa, inafidiwa chaguo la drafti (zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi kwenye mgao wa kila mwaka) kulingana na dau ililoweka. Misimu minne ndiyo unakuwa huru kweli.

Sasa nani anaumia? Tangu 2011 anayechaguliwa kwenye drafti anasaini miaka minne, mtego anauruka. Asiyechaguliwa anasaini mitatu. Yule yule ambaye timu zote 32 zilimpita!

Malcolm Butler, beki wa timu ya Patriots, hakuchaguliwa na mtu. Februari 2015 akaunasa mpira uliorushwa na Russell Wilson wa Seahawks pale mstari wa goli, sekunde 20 zimebaki, Patriots wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi. Machi 2017 mkataba ukaisha, wakambana kwa dau la raundi ya kwanza (anayemtaka atoe chaguo lake la raundi ya kwanza): dola milioni 3.91. Mwezi huohuo Patriots haohao wakamsajili Stephon Gilmore, beki wa nafasi ileile, milioni 65 kwa miaka 5! Timu ya Saints ilimwita Butler ikazungumza naye, ofa rasmi haikuja. Nani atoe chaguo la raundi ya kwanza na bado alipe mshahara mnono? Jamaa akasaini, na fainali ya msimu ule hakuingizwa kwenye ulinzi hata mara moja. (Hilo la kocha nitalifungulia uzi wake.)

Na msiniletee Chris Hogan kama mfano wa aliyeondoka kirahisi. Ndiyo, 2016 Patriots walimchomoa timu ya Bills kwa dola milioni 12 za miaka 3, Bills wakaambulia patupu. Walibana hela wakaweka dau la chini, ambalo fidia yake hufuata raundi aliyochaguliwa mchezaji, na Hogan hakuchaguliwa. Kilichomwokoa ni ubahili wa Bills, sheria haikumsaidia kitu.

Makubaliano ya 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji yanakwenda hadi msimu wa 2030 na kipengele hiki kimo. Mlango wa kuongeza mechi ya 17 kwenye msimu viongozi wa chama waliufungua, hiki wakakiacha kilivyo. Mezani walikuwa wanajadili nini?