Tamko la DICOM, tamko la IHE au CapabilityStatement ya FHIR: kwa mfumo wa picha za tiba mngeanza na lipi?

nyaya_na_picha (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Nimepewa kazi ya kuandika nyaraka za bidhaa yetu, ambayo ni hifadhi ya picha za tiba pamoja na programu ya kuzitazamia. Inapokea picha za CT, MRI, ultrasaundi na eksirei za kidijitali, inajibu maulizo, na ina DICOMweb, yaani DICOM (kiwango cha kubadilishana picha za tiba) kwa njia ya wavuti. Watu wetu wa mauzo wanataka ukurasa mmoja ulioandikwa "inazingatia DICOM 3.0", basi. Wahandisi wa wateja wanataka zaidi ya hapo, ila kila mmoja anataja chake. Mezani kuna njia tatu:

- tamko kamili la uzingatiaji wa DICOM, kwa mpangilio wa PS3.2 (sehemu ya kiwango inayohusu matamko)
- tamko la uunganishaji la IHE, mpango unaoelekeza mifumo ya afya itumieje viwango kwa pamoja
- CapabilityStatement (tamko la uwezo) ya FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kwa wavuti, inayotolewa na seva yenyewe

Muda wa kuzifanya zote vizuri kwa toleo hili sina. Mngeanza na ipi?

fundi_seva

La DICOM. Ila kwanza futeni hilo la "DICOM 3.0". Namba hiyo ni ya 1993, pale kiwango kilipoacha jina la ACR-NEMA (lile la 1985 na 1988) na kupewa jina la sasa. 4.0 haikuja. Kiwango huchapishwa upya mara kadhaa kila mwaka, na toleo hutajwa kwa mwaka na herufi, mfano 2023b. Tena mashine mbili zinapounganishwa haziulizani toleo hata kidogo, zinaulizana klasi za SOP (aina ya kitu na huduma yake, mfano kuhifadhi picha za CT) na sintaksia za uhamishaji (namna data inavyopangwa na kubanwa). Anayesema "tunazingatia 3.0" bado hajasema kitu. Na asikudanganye mtu kwamba NEMA (chama kinachochapisha kiwango hiki) inatoa cheti. Mtengenezaji anatamka mwenyewe, PS3.2 inampa tu namna ya kutamka.

Uzito wa tamko uko kwenye majedwali. Kwa kila klasi ya SOP, sema wewe ni SCU (anayeomba huduma) au SCP (anayeitoa). Safu hizo mbili watu huzipita haraka, na ndizo zinazoamua kama mtaelewana. Ultrasaundi inayotuma ni SCU, wewe unayepokea ni SCP. Wakikutana SCU wawili hakuna wa kupokea, hata kama matamko yote mawili yamejaa neno "hifadhi".

Kisha sintaksia. Implicit VR Little Endian ndiyo ya msingi, hiyo haina mjadala. Lakini ukiletewa picha iliyobanwa kwa JPEG 2000, unaitunza ilivyo, unaifungua, au unaikataa? Na akija mtazamaji asiyeijua JPEG 2000 akaomba picha hiyohiyo, unambadilishia? Majibu ya maswali haya yaandikwe, yasibaki kichwani mwa mhandisi mmoja.

Na usisahau kiwango cha uhifadhi, yaani 0, 1 au 2. Ukitamka 2, unatunza sifa zote za picha, za aina ya 1 (za lazima), 2 (za lazima ila zaweza kuwa tupu) na 3 (za hiari). Ukitamka 1, una uhakika na zile za aina ya 1 na 2. Ukitamka 0, unachagua unazozitunza na nyingine unatupa, na hapo kiwango kinakulazimu uziorodheshe unazobaki nazo. Mteja mwenye programu ya uchambuzi inayotegemea sifa za hiari anaweza kukukataa kwa mstari huu mmoja, na atakuwa na haki.

Radi_zamu

Mimi niko upande wa wanaonunua na kutumia. Tamko la DICOM refu halisomwi kwenye kamati ya zabuni. Husomwa baadaye, mambo yakishakwama. La IHE ndilo linalosomwa siku ileile: jina la bidhaa, toleo, tarehe, kisha jedwali la profaili (kazi zilizokwisha fafanuliwa na IHE), wahusika (nafasi za mfumo ndani ya kazi hizo) na chaguo. Mara nyingi ni ukurasa mmoja, na linamaliza kazi.

Na si kwa sababu sisi ni wavivu. Ukiandika kwamba unatimiza profaili ya SWF, ile ya mtiririko wa kazi zilizopangwa, katika nafasi ya msimamizi na hifadhi ya picha, umeniambia mengi kwa mstari mmoja: kwamba unajua kipimo kimeagizwa, unapokea taarifa za mashine kuanza na kumaliza kupiga picha, na unathibitisha kwamba picha umezishika. Mambo hayo nikiyatafuta kwenye majedwali ya SOP nitayapata vipandevipande, na hakuna atakayeniambia kama vipande hivyo vinafanya kazi pamoja.

Kipimo changu mimi ni profaili ya PIR, ile ya kusawazisha taarifa za mgonjwa. Mgonjwa analetwa hajitambui, anapigwa CT kwa jina la muda, baadaye ndugu wanafika na jina halisi linapatikana. Je, picha zilizokwisha hifadhiwa zinafuata jina jipya, au zinabaki yatima? Tamko la DICOM peke yake halinijibu, kwa sababu marekebisho hayo yanakuja kwa ujumbe wa HL7, kiwango kingine cha taarifa za afya.

kijana_wa_API

Mnazungumzia PDF, wakuu. Nani anaisoma PDF kuhakikisha seva ya leo bado iko kama ilivyoandikwa mwaka juzi? CapabilityStatement unaipata kwa ombi moja la GET kwenye /metadata, na inakwambia rasilimali zipi zipo (ImagingStudy ikiwemo), vitendo vipi na vigezo vipi vya kutafutia. Programu ya mteja inaisoma bila mtu kati. Hata DICOMweb kwenye PS3.18 ina njia ya kuiuliza seva uwezo wake. Kama bidhaa ina QIDO-RS ya kuuliza, WADO-RS ya kuchukua na STOW-RS ya kuweka, mimi ningeanzia huko.

Mkaguzi_itifaki

Kijana, kwa seva iliyokwisha wekwa nakubaliana nawe. Ila angalia sehemu ya "kind" ndani ya CapabilityStatement. Ina thamani tatu: *instance* ni seva hii hapa inayoendeshwa, *capability* ni programu kama inavyoweza kuwekwa, *requirements* ni matakwa tu. /metadata inakupa *instance*. Mleta mada anaandikia bidhaa, na anayesoma bado hajanunua, kwa hiyo hana seva ya kuiuliza. Anachohitaji ni ya *capability*, na hiyo haijitengenezi, inaandikwa na mtu kama PDF ilivyoandikwa.

La pili, mashine ya CT haitatuma picha kwa FHIR. Itafungua muungano wa DICOM, ipendekeze miktadha yake (klasi ya SOP pamoja na sintaksia zake), itume kwa C-STORE, amri ya kuhifadhi. Yanayotokea hapo hayamo kwenye /metadata.

Kwa Radi_zamu: la IHE nalipenda pia, lakini tuliweke mahali pake. Ni dai la mtengenezaji kama lilivyo la DICOM. Watu huchanganya na matokeo ya Konektathoni. Kule kampuni zinakutana na kujaribu mifumo yao pamoja mbele ya waangalizi, na matokeo yanaandikwa kwa kampuni, profaili na mhusika. Hayasemi kwamba toleo unalouziwa ndilo lililojaribiwa. Kuna mpango tofauti wa IHE wa kupima bidhaa kwenye maabara zilizoidhinishwa kwa ISO/IEC 17025. Huo ndio wenye ripoti ya bidhaa na toleo lake. Muuzaji akikwambia "tumepita IHE", muulize amepita wapi kati ya hizo mbili.

Radi_zamu

Hapo kwenye Konektathoni umesema kweli. Lakini bado ukinipa matamko mawili, nitaanza na la ukurasa mmoja.

nyaya_na_picha

Nashukuru. Nina swali kuhusu SWF. Uthibitisho wa uhifadhi tunao na kwenye majaribio yetu unafanya kazi. Je, inatosha kuandika "Storage Commitment, SCP: ndiyo"?

fundi_seva

Haitoshi. Hii huduma ina sura mbili. Mashine inakutumia N-ACTION ikisema "nimekupa picha hizi, nithibitishie". Jibu lako, N-EVENT-REPORT, linaweza kurudi kwenye muungano uleule ukiwa bado wazi, au ukafungua mwingine mpya kuelekea kwenye mashine. Mashine nyingine hufunga muungano mara tu baada ya N-ACTION, kwa hiyo njia ya kwanza inakufia mkononi. Nyingine hungoja hapohapo na hazina poti ya kukusikiliza ukija upya, na njia ya pili inakufia vilevile. Bidhaa zote mbili zina "ndiyo" kwenye jedwali, lakini mashine haipati uthibitisho, haifuti picha, na mwishowe diski yake inajaa.

Kwa hiyo andika: jibu linarudi kwa muungano upi, linangoja muda gani, likishindikana linajaribiwa tena mara ngapi, na mipangilio ipi mteja anaweza kuibadilisha. Ukifungua muungano mpya, taja pia kwamba unajadiliana nafasi za SCU na SCP, maana anayefungua hapo ni wewe uliye SCP.

C-MOVE, amri ya kuagiza picha zipelekwe kwa mfumo fulani, nayo usiiache na "ndiyo" kavu. Inahitaji AE title (jina la mfumo kwenye DICOM) ya anakopelekewa iwe imesajiliwa kwenye seva yako pamoja na anwani na poti. C-GET, inayorudisha picha kwenye muungano uleule, haihitaji hilo. Sema unazo zote mbili au moja.

Mkaguzi_itifaki

Naongezea misimbo ya hali. PS3.2 inataka useme ukijibu hivi maana yake nini kwako. A700 kwenye C-STORE ni uhaba wa rasilimali, kwa kawaida diski imejaa. A900 ni kwamba data hailingani na klasi ya SOP iliyotajwa. B000 ni onyo tu: umepokea, lakini umebadilisha baadhi ya sifa. Mhandisi wa mashine akiona B000 kwenye kumbukumbu zake saa nane za usiku, tamko lako ndilo litakalomwambia umebadilisha kipi. Jina la mgonjwa? Namba ya agizo? Kama haliko, atakupigia simu.

Radi_zamu

Na herufi! Majina yasiyo ya Kilatini yakigeuka alama za kuuliza, mgonjwa anapotea kwenye orodha. Andikeni seti za herufi mnazopokea na mnazotoa. ISO_IR 192 ndiyo UTF-8, ila mashine nyingi za zamani hazina hiyo.

bit_moja

Nawasoma kimya, leo nimeona nichangie. Usinakili orodha ya maktaba ya programu mnayoitumia. Maktaba kujua klasi zote za SOP hakumaanishi kwamba bidhaa yenu inazikubali, na hata ikizikubali, huenda mtazamaji hawezi kuzionyesha. Enhanced CT (CT ya picha nyingi ndani ya faili moja) ni mfano mzuri: hifadhi inaipokea bila tatizo, mtazamaji anabaki na skrini nyeusi. Tofautisheni "tunatunza" na "tunaonyesha" kwa safu mbili.

Majedwali ya miktadha yatoeni kwenye usanidi wa seva kwa skripti, kisha mhakikishe kwa kuunganisha kweli: echoscu na storescu za DCMTK (maktaba huria ya DICOM) kwa kutuma, Wireshark kwa kuona mliyokubaliana. Picha mnazozalisha wenyewe zipitisheni kwenye dciodvfy, programu ya kukagua faili za DICOM, kabla ya kutamka kwamba ziko sawa.

kijana_wa_API

Hiyo skripti ndiyo ninayoitaka mimi. Chanzo kimoja, PDF na JSON zote zitoke hapo.

nyaya_na_picha

Basi nitafanya hivi. Tamko la DICOM kwanza, majedwali yatoke kwenye usanidi, na nguvu zaidi niziweke kwenye uthibitisho wa uhifadhi, misimbo na herufi. La IHE nitalitoa pamoja nalo, lakini nitataja SWF peke yake. PIR hatuna, tunapokea ujumbe wa kubadilisha jina ila wa kuunganisha wagonjwa wawili bado. CapabilityStatement ya *capability* itasubiri toleo lijalo. Tagi zetu binafsi (sehemu za data tulizojiongezea wenyewe) nazo lazima niziweke?

fundi_seva

Ndiyo, kila tagi ya kundi witiri (namba ya kundi isiyogawanyika kwa mbili, ndiyo alama ya tagi binafsi) mnayoiandika kwenye picha: mwenye tagi, namba, aina ya data na maana yake. Kama ina taarifa za mgonjwa, iseme wazi, kwa sababu atakayeondoa utambulisho kwenye picha hataijua bila kuambiwa na nyinyi.

Na kwenye la IHE, usiandike "PIR: sehemu". Hakuna nusu ya mhusika. Iache nje.

Mkaguzi_itifaki

Namba ya toleo la programu iwe kwenye jalada la kila tamko, na la zamani msiliondoe mtandaoni mkishapandisha jipya. Wapo wateja watakaobaki na toleo hilo kwa miaka.