Mtoto kaniuliza Mkunazini: "Na sisi tulikuwa wepi?" Nimjibu nini?

Mama wa Wete

Assalaam alaykum. Nimevuka kuja Unguja kumleta mama kwa daktari, nikaona nimchukue na mwanangu wa darasa la tano aone mji. Juzi mama kapumzika, tukakata Darajani mpaka Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Skuli wameshasomeshwa kuwa soko lilifungwa 1873, Sultani Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Lakini kusoma kwingine na kuinama kwingine.

Nasema kuinama kwa sababu vile vyumba vya chini mtu mzima hasimami wima. Mie nilijikunja kama naokota karafuu, yeye kaingia na kichwa chake juu. Kakaa kwenye jukwaa la mawe, kaangalia minyororo, kaangalia kile kitundu kinachopitisha mwanga, kimya. Na mtoto huyu hanyamazi hata akila.

Nje kuna shimo, ndani yake masanamu ya watu watano wamefungwa mnyororo shingoni. Kayazunguka, kayahesabu. Kwenye mlango wa kanisa nilisita kidogo (mama angejua!), nikajiambia sikuja kusali. Tukaoneshwa duara mbele ya altare, pale panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Ndipo alipouliza, tena kwa sauti, hata wageni wakageuka: "Mama, na sisi tulikuwa wepi? Waliofungwa au waliofunga?"

Nikamwambia twende tukale urojo.

Urojo umeliwa na swali bado analo. Nimjibu nini? Na vile vyumba, ni kweli walikaa watumwa? Mtu mmoja kwenye daladala kanambia ni hadithi ya watalii.

Mpiga Chokaa

Dada, la vyumba naliweza, hilo jengine wapo wajuzi. Kazi yangu kutengeneza nyumba za Mji Mkongwe, mawe na chokaa.

Jengo lile walilijenga wamisheni wa Kiingereza soko likiwa limeshafungwa, wakalifanya hospitali. Kwa hiyo wapo wanahistoria wanaotia shaka kama vyumba vile vilitiwa watumwa. Huyo wa daladala kashika nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba soko lilikuwa hapo hapo, halina ubishi, na Askofu Steere kalijenga kanisa juu ya uwanja wake. Kazikwa humo humo, nyuma ya altare. Na yale maonyesho ya mabango yaliyofunguliwa 2016 mliyasoma, au mlikimbilia urojo?

Mkipata siku, nendeni Mangapwani, kama kilomita 20 kaskazini ya mji. Kile chumba kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe kikaezekwa, unashuka ngazi. Kilitengenezwa cha kufichia watu, maana baada ya 1873 biashara haikufa, iligeuka magendo. Msikichanganye na pango la maji lililo jirani, lile kachimba Mungu.

Sheha Mstaafu

Mwanangu, mambo haya kuwafukulia watoto siyo. Visiwani kwetu mtu akimuuliza mwenziwe asili yake, hapo pana ugomvi. Tunasali safu moja, tunaoana, tunazikana. Mwambie sisi Waislamu na Wazanzibari, basi.

Mjukuu wa Ng'ambo

Mzee, kwa heshima zote, mtoto hakumuuliza jirani asili yake. Kauliza yake mwenyewe.

Mama wa Wete, jibu la kweli ni kwamba tulikuwa wote wawili, mara nyingi chini ya paa moja. Bwana akizaa na suria, yaani mtumwa wake wa kike, mtoto ni huru, anaitwa kwa jina la baba na anarithi sawa na nduguze. Sayyid Barghash mwenyewe, huyo aliyefunga soko, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwambie hilo mwanao, atakaa nalo wiki nzima.

Tena nyie wa Pemba hamuwezi kusema yalikuwa mambo ya mjini. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya kwenu ikasalimika zaidi, karafuu ikawa Pemba. Nani aliyepanda juu ya mikarafuu ile? Amri ya kuondoa utumwa ilikuja 1897, nayo ilimtaka mtumwa aende kwa miguu yake mahakamani kuuomba uhuru. Fidia kalipwa bwana! Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909.

Akichoka na huzuni msimulie Siti binti Saad. Kazaliwa Fumba, mwaka 1880 hivi, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mwaka 1928 kapanda meli mpaka Bombay kutia sauti yake kwenye santuri.

Mama wa Wete

Ahsanteni. Mzee Sheha, shikamoo, maneno yako nimeyasikia na kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ila mtoto kanizunguka, kenda kwa bibi yake.

Jana usiku kamkalisha na daftari la skuli, anaandika ukoo. Upande wa baba majina yanashuka kama ngazi, fulani bin fulani bin fulani. Upande wa mama yangu kafika kwa bibi mzaa bibi, penseli ikasimama. "Binti nani?" Mama kasema, "Huyo hana binti. Aliletwa." Kisha kaomba chai.

Miaka yangu arobaini na mbili sijawahi kulisikia neno hilo nyumbani, mtoto kalitoa kwa penseli. Kauliza kaletwa kutoka wapi, mama kasema bara, hakuambiwa zaidi. Basi kaandika jina lake peke yake, mbele kaacha nafasi ya jina moja.

La Mangapwani nimelikubali, Jumapili in shaa Allah. Mama kasema na yeye atakwenda. Mpiga Chokaa, hizo ngazi ni ngapi? Magoti yake ndiyo yaliyotuleta kwa daktari.