Rili za zamani na hizi za kisasa: ipi inafaa maji ya Mtera?

Mwanzisha mada

Mbukwenyi. Kuna jambo limetugawa sisi wachache tunaovua kwa fimbo hapa Dodoma, nalileta tulijadili kwa heshima. Kijana mmoja aliniuliza anunue rili gani, yaani kile chombo cha kukunjia uzi kwenye fimbo, kabla ya safari yake ya kwanza kwenye bwawa la Mtera. Nikamwambia atafute ya zamani iliyotunzwa, hizi mpya za dukani aachane nazo. Wenzangu wawili wakasema nimempoteza mtoto wa watu. Mimi nasimama palepale.

Tuelewane kwanza ni rili ipi. Sisemi ile inayoning'inia chini ya fimbo, bobini imesimama tuli na uzi unachomoka kwa mbele. Nasema ile inayokaa juu ya fimbo, bobini imelala, na ukirusha chambo bobini yenyewe inazunguka huku wewe unaituliza kwa dole gumba. Ukichelewa, bobini inakimbia kuliko uzi unavyotoka, na uzi unafungana kama kiota. Kila aliyejifunza rili hii amewahi kukaa chini akifumua kiota hicho wakati wenzake wanavua.

Yangu ni Ambassadeur 5000, nyekundu, ya kampuni ya Abu kutoka Sweden. Ilikuwa ya mjomba. Bwawa la Mtera lilipojengwa miaka ya 1970, kazi ikakamilika 1980, Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia fedha, na mjomba alikuwa mpishi kambini kwa wahandisi. Mmoja wao alipoondoka akamwachia fimbo na rili. Fimbo ilivunjika zamani. Rili ninayo.

Anayeijua Mtera anajua ile miti mikavu iliyobaki majini tangu bonde lifunikwe. Kambale akinasa haendi mbali, anatafuta kisiki azungushe uzi. Una pumzi mbili tatu za kumng'oa. Hapo sihitaji kasi, nahitaji nguvu. Gia za 5000 ni shaba nzito, na mpini ukizunguka mara moja bobini inazunguka mara 3.6 tu, wakati nyingi za siku hizi ni mara 6 hadi 8. Mwenye baiskeli ya gia anaelewa: gia nyepesi haikimbii, lakini mlima unaupanda. Na kuingia majini kumfuata samaki hakuna. Mamba wapo, viboko wapo. Unasimama ukingoni, unamvuta mpaka afike.

Jambo la pili ni vumbi. Upepo wetu wa Julai na Agosti mnaujua. Nikirudi nyumbani nafungua skrubu za ubavuni kwa vidole, naosha gia kwa mswaki na mafuta ya taa, nadondoshea mafuta ya cherehani, nafunga. Robo saa. Niliwahi kununua ya kisasa, nyepesi, imepakwa rangi ya kuvutia, fremu ya plastiki. Msimu wa pili nilinasa kambale wa haja, fremu ikajipinda, gia zikarukana meno, mpini ukawa unazunguka bure. Nilitafuta spea Dodoma nzima, nikaagiza Kariakoo, sikupata hata skrubu. Ipo kabatini mpaka leo.

Sasa mwenye kuamini hizi mpya ni bora anieleze: bora kwa nani, na kwa maji gani?

Wa Nkuhungu

Shikamoo kaka. Mimi ni mmoja wa wale wawili, na kauli yangu siifuti.

Umepima bora ya zamani na dhaifu ya sasa. Hiyo 5000 ilikuwa rili ya gharama enzi zake, mhandisi wa Ulaya ndiye aliyeimudu. Uliyonunua wewe ilikuwa ya bei ya chini. Rili mbovu za miaka ya 1970 zilikuwepo, ila zimeshaoza na kutupwa, hakuna wa kuzitaja. Zimebaki nzuri, ndiyo maana tunadhani za zamani zote zilikuwa nzuri.

Pili, wewe unavua kambale kwa risasi nzito, ile ya kuzamisha ndoano. Mimi navua perege bwawa la Hombolo, kwa mnyoo na ndoano ndogo. Tulijaribu pamoja, unakumbuka. Kwa risasi ya gramu 30 rili yako na yangu zilipishana hatua chache tu, na sioni aibu kusema yako ndiyo iliyokwenda mbele. Kwa gramu 7 yako iliishia karibu na miguu yetu. Sababu haina siri: bobini yako ni nzito, chambo chepesi hakina nguvu ya kuiamsha, na ikiamka haisimami kwa wakati, kiota kinaanza. Bobini za sasa zimetobolewa na kupunguzwa uzito mpaka chambo cha gramu 4 au 5 kinaziamsha.

Tatu ni breki, ile ya kuituliza bobini unaporusha. Kampuni ya Daiwa walianza kutumia sumaku mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2003 kampuni ya Shimano wakatoa rili yenye kompyuta ndogo ndani, inasoma mwendo wa bobini na kuamua ibane kiasi gani, na umeme wake unatokana na bobini yenyewe inavyozunguka. Haitaki betri. Kaka, wewe ulijifunza dole gumba kwa miaka. Kijana uliyemshauri anakwenda Mtera Jumamosi moja kwa mwezi, kwa nauli ya kwenda na kurudi. Atamaliza siku nzima akifumua uzi, na kesho yake atauza fimbo.

Halafu mimi ni wa mkono wa kushoto. Za zamani zenye mpini upande ninaoutaka ni adimu.

Fundi saa, Majengo

Wanangu, mimi si mvuvi, lakini rili za huyu mkubwa wenu nimezifungua zote mbili mezani kwangu, ile nyekundu na ile iliyokufa. Niseme ninachokijua.

Rili hizi ni ndugu wa saa, wala sisemi kwa mfano. Aliyetengeneza za kwanza zenye gia za kuzidisha mzunguko kule Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, ni George Snyder, na kazi yake ilikuwa saa. Abu nao walianza 1921 kama kiwanda cha saa, mjini Svängsta, wakatengeneza na mita za teksi. Vita Kuu ya Pili ilipoharibu soko la mita ndipo wakageukia rili. Ambassadeur ilikuja 1952. Ukiifungua unaiona hiyo asili: kila kipande kimechongwa kivyake, kinatoka kivyake, kinarudi kivyake. Mtengenezaji alitarajia iko siku fundi ataifungua. Ile mpya iliyovunjika haikutarajia. Vipande vimegandishwa pamoja, ukitoa kimoja unavunja cha pili.

Kuhusu vumbi, huyu mkubwa yuko sahihi, ila sababu hakuitaja. Ekseli ya bobini ya 5000 inazunguka ndani ya bushi, yaani pete za shaba, haina beringi za gololi. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye bushi inasagika au inasukumwa nje, utasikia mkwaruzo tu. Ikiingia kwenye beringi ndogo ya gololi inakwama, beringi inalia, halafu inaganda. Beringi inakimbia vizuri zaidi ikiwa safi, hilo sibishi. Swali ni nani ataiweka safi hapa Dodoma, Agosti.

Na ipo beringi moja kwenye hizi za sasa inayouzuia mpini usirudi nyuma hata kidogo. Ndani ina vijiti vidogo vya chuma vinavyojikaza. Watu wanaijaza grisi wakidhani wanaisaidia. Vijiti vinateleza, mpini unarudi nyuma samaki akivuta. Ile isafishwe na kuwekewa mafuta mepesi sana, kidogo mno.

Ila kwenye breki, kijana wa Nkuhungu anashinda. Ile nyekundu ina vitofali viwili vidogo kwenye pini za bobini. Bobini ikikimbia vinarushwa nje na kusugua bangili ya chuma. Vinalika. Vikilowa mafuta vinateleza na breki inapotea, na kila anayesafisha rili kwa haraka anavilowesha. Sumaku haigusi kitu. Bobini ya alumini ikizunguka mbele yake, umeme unazaliwa ndani ya alumini na kuivuta nyuma. Hakuna kinachosuguana, hakuna cha kubadilisha. Ningekuwa mvuvi ningetaka fremu ya ile na breki ya hii.

Mvuvi wa Migoli

Nawasoma tangu juzi. Mimi navua Mtera kila siku ya Mungu, upande huu wa Iringa, na mshipi wangu nimeuzungushia kwenye kopo. Natupa kwa mkono kutoka kwenye mtumbwi. Sina gia ya kuingia mchanga.

Sibezi rili zenu. Ninachowaomba ni kimoja: yoyote mtakayotumia, msiache nailoni iliyofungana majini wala ukingoni. Hivyo viota mnavyovikata na kuvitupa vinanasa ndege, vinanasa nyavu zetu, na mwaka jana kimoja kilimshika mguu ndama wa jirani. Kama hiyo ya sumaku inapunguza viota, basi mimi niko upande wa sumaku.

Mwanzisha mada

Mzee wa Majengo, shikamoo, na asante. Mvuvi wa Migoli, ujumbe umefika. Mimi mwenyewe nimekata na kutupa, sitarudia.

Mdogo wangu wa Nkuhungu, la gramu 7 nakubali. Kwa perege wa Hombolo rili yangu haifai, na nilipomshauri yule kijana sikumuuliza anataka samaki gani wala atapata nafasi ya kujifunza mara ngapi. Hilo lilikuwa kosa langu, nitampigia leo. La kwamba nimepima bora na dhaifu pia lina ukweli. Lakini jiulize na wewe: rili mpya anayoweza kuinunua kijana wa hapa kwa mfuko wake ni ipi? Si ile ya kompyuta ya 2003. Ni ileile ya plastiki iliyonifia. Tukipima kinachopatikana kweli mikononi mwetu, kwa kambale na visiki, bado sijaona mpya iliyonivutia samaki kwa uhakika wa ile nyekundu.

Niseme na ubaya wake mmoja ambao hamkuutaja, maana sitaki kushinda kwa kuficha. Kuna kipande kidogo chenye jino kinachotembea kwenye ekseli yenye mifereji inayopishana, ndicho kinachopeleka uzi kushoto na kulia ulale sawa kwenye bobini. Wazo hilo ni la zamani, William Shakespeare wa Kalamazoo aliliwekea hataza miaka ya 1890, na mpaka leo ndipo rili hizi zinapochoka kwanza. La kwangu limelika. Uzi sasa unajazana upande mmoja kama mgongo wa ngamia. Mzee, jino kama hilo linachongeka hapa?

Wa Nkuhungu

Kaka, unaona sasa. Spea na wewe huna.

Fundi saa, Majengo

Linachongeka. Shaba ninayo, ni kazi ya asubuhi moja. Usilete jino peke yake, lete na ile ekseli yake niikague mifereji. Kama kingo zimekuwa kali, jino jipya litaliwa kabla ya mvua za Desemba, kwa hiyo nitazipiga msasa kwanza. Na wewe wa Nkuhungu, ile iliyokufa kabatini mwambie ailete pia. Fremu haina dawa, lakini sumaku zake ni nzima, nataka kuona kama zinaenea kwenye ubavu wa ile nyekundu.